Barabara Inachanika Kabla ya Embu

Mara ya kwanza ile barabara kuchanika, Mbae alidhani ni macho yake. Aliyafuta kwa kiganja, akaangalia tena kwenye kioo cha kompyuta, na barabara bado ilikuwa na mashimo. Si haya mashimo ya lami tunayoyajua sisi, ya kukwepa huku ukimtukana mkandarasi. Yalikuwa mashimo ya weusi mtupu, na ndani yake ilichomoza miiba mirefu ya kijani na waridi, ikakata kioo kutoka upande mmoja hadi mwingine. Gari lake likageuka fungu la vijiti. Mlima uliokuwa mbele ukamomonyoka. Halafu kila kitu kikaganda, na Mbae akabaki amekaa kitandani, vidole juu ya kibodi, hana pa kwenda.

"Mama Purity," aliita. "Hebu njoo uone kitu."

Wamuyu alitoka jikoni na kisu mkononi, maganda ya viazi yakimning'inia vidoleni. Alisimama mlangoni akatazama ile miiba. Hakujua kompyuta, hakuwahi kuigusa ila kwa kuipangusa vumbi, lakini alimjua mumewe, na alichokiona usoni mwake kilimtia hofu.

"Ni stima," alisema haraka. "Stima ya hapa Maua unaijua inavyorukaruka. Izime ipumzike."

Sasa, mtu anaweza kucheka. Mke mzima anatetemeka kwa sababu gemu limeharibika? Basi acheke kwanza amalize, kisha asikilize huyu Mbae alikuwa nani.

Mbae alikuwa dereva wa pikapu ya miraa, na anayeijua Maua anawajua madereva hao. Miraa ikishafungwa kwa majani ya migomba inaanza kunyauka hapo hapo, na lazima iingie Nairobi kabla watu hawajaamka vizuri. Kwa hiyo wanakimbia. Wazee wanawalaani, vijana wanawaonea fahari, na wake zao wanajifunza kutofungua redio asubuhi. Mbae alikuwa bora kati yao, na alijua kwamba ni bora, jambo ambalo si zuri kwa dereva.

Alfajiri moja, kwenye kona ya mwisho kabla ya kuingia Embu, pikapu yake iliacha barabara. Kithaka, tanboi wake wa kupakia na kushusha mzigo, mtu mzima mwenye mke na mzaha mwingi, alikuwa amelala juu ya mzigo. Alikufa papo hapo. Mbae alitolewa kwenye vyuma akiwa hai, lakini kutoka kiunoni kwenda chini hakuna kilichomsikia tena.

"Nililala," alimwambia Wamuyu hospitalini. "Sikukanyaga hata breki. Nililala usingizi, Mama Purity, na nikamuua Kithaka."

Waliporudi Maua aligeukia ukuta. Ndivyo ilivyokuwa, siwezi kuipamba: mtu aligeuza uso wake ukutani na akakataa kula. Uji ulipoa, ukaganda, ukamwagwa. Wamuyu alimbembeleza, akamgombeza, akapiga magoti. Alipoona mifupa ya mabega ya mumewe inatokeza kama ya ng'ombe wa kiangazi, alikwenda gereji, akamtafuta makanika aliyekuwa akiishughulikia ile pikapu, akamwomba aje aseme uongo. Makanika alikuwa na huruma. Alikuja, akaketi kwenye stuli kando ya kitanda, akasema kwamba aliikagua pikapu na kukuta paipu ya breki imekatika, na kwamba hata angekuwa macho asingeweza kusimama.

Mbae alisikiliza. Alishukuru. Jioni hiyo alikula.

Kwa siku kadhaa nyumba ilikuwa na mtu ndani. Kisha akaja Mbaka, dereva mwenzake wa zamani, kumjulia hali. Mbaka hakuwa na hili wala lile. Alikunywa chai, akapiga soga, na katikati ya soga akasema kwamba ile pikapu wameiuza, na aliyeinunua anaisifu, bodi tu ndiyo iliyopondeka, breki hata hazijaguswa, ziko kama zilivyotoka dukani. Mbae alimtazama mkewe. Mbaka alipoondoka, Mbae aligeukia ukuta tena.

Kilichomtoa ukutani ni ile kompyuta. Ililetwa na Njiru, mdogo wake Wamuyu, aliyekuwa akifanya kazi Nairobi kwa mzungu mmoja. Mzungu alirudi kwao, na kompyuta ya mwanawe akamwachia Njiru. "Hii si ya kuandikia barua," Njiru alisema akiipanga juu ya meza karibu na kitanda. "Hii ni ya gemu. Ina kadi yake ndani ya kuchora picha tu, ndiyo maana unaona magari kama ya kweli." Shemeji yake hakugeuka. Njiru hakujali. Aliketi akaanza kuendesha mwenyewe, na aliendesha vibaya, anagonga kuta, anaparamia nyasi, anapinduka, anacheka. Alifanya hivyo asubuhi nzima. Dereva wa kweli anaweza kuvumilia mambo mengi, lakini si kusikia gari likiendeshwa hivyo mgongoni mwake.

"Punguza kwenye kona, wewe," sauti ilitoka ukutani. "Utaua watu."

Na Mbae akageuka.

Kuanzia hapo aliomba mto wa kuegemea, akaomba wembe, akaomba chai. Wamuyu alikuwa akimsikia kutoka jikoni na kutabasamu peke yake. Lakini Mbae alipoanza kuendesha hakushindana na mtu. Yale magari mengine yalimpita yote yakatokomea, na mwisho kioo kiliandika kwa herufi nyekundu kwamba amekuwa wa mwisho, naye hakukitazama. Alichagua safari ndefu kuliko zote, barabara ya nchi nyingine yenye bahari upande mmoja na milima ya theluji mbele, akaigeuza kichwani ikawa ile ya kwetu ya kwenda Nairobi. Daraja lile lilikuwa Nithi. Mji wa kwanza ulikuwa Chuka. Vibanda vyenye vioo vilikuwa Runyenjes. Na ile kona inayoshuka karibu na mnara wa taa, ilikuwa kona yake kabla ya Embu.

"Nataka kupita pale nikiwa macho," alimwambia mkewe siku moja, bila kuulizwa. "Nifike Nairobi na mzigo. Nimwambie Kithaka tumefika. Basi."

Wamuyu hakuona kama ni wazimu. Aliona ni mtu anayetaka kitu, na mtu anayetaka kitu anakula. Alianza kumwombea huyo mumewe avuke kona ya mchezo kama wengine wanavyoomba mvua.

Na kwa shukrani akaifumia kompyuta kitambaa.

Hapa nataka tuelewane. Kwetu nyumba isiyo na vitambaa ni nyumba ya kapera. Kila kochi lina chake, redio ina chake, hata thamosi inavalishwa kisketi. Kitu kikiingia nyumbani kwa heshima kinafunikwa, na kisipofunikwa wageni wanajua hakithaminiwi. Wamuyu ndiye aliyekuwa akifumia nusu ya mtaa. Ndiyo kazi iliyowalisha tangu Mbae aumie. Kile cha kompyuta alikifanya kwa uzi mweupe wa sufu, maua mekundu pembeni, kikakaa juu ya lile sanduku la mashine na kuteremka nyuma hadi mezani. Mume alipotaka kuendesha alikunja upande wa mbele tu, akauweka juu. Nyuma, kule penye vitundu na feni ndogo inayovuma, kitambaa kilibaki kimening'inia, kizuri, kimenyooka.

Ilikuwa kipindi hicho hicho, alipokimaliza, ndipo barabara ilipoanza kuchanika. Hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili. Kwani kitambaa kimewahi kumdhuru nani?

Walianza na stima. Wamuyu aliazima stebilaiza kwa jirani mwenye duka, kile kisanduku cha kutuliza umeme usirukeruke. Haikusaidia. Mbae akamwagiza akaze waya wa nyuma unaoingia kwenye kioo. Akaupapasa kupitia chini ya kitambaa, akaukaza mpaka vidole vikamuuma. Haikusaidia. Waliiacha ipumzike siku nzima. Ikawaka vizuri, picha safi kama maji, Mbae akavuka Nithi, akavuka Chuka, na Wamuyu akiwa amesimama nyuma yake ameshika tama, vikapita vile vibanda vya Runyenjes, na mnara wa taa ukaanza kuonekana. Hapo mashimo yakaanza. Kwanza moja dogo, kama lililotobolewa na sigara. Kisha miiba.

"Hapo hapo tena," Mbae alisema polepole.

"Ni bahati mbaya."

"Kila siku, Mama Purity? Hapo hapo?"

Ilikuwa kweli. Yeye aliendesha polepole daima, kwa mwendo ule ule, kwa hiyo mashine ilichukua muda ule ule kupata moto, na moto ulipozidi gari lilikuwa limefika pale pale. Lakini hilo ni la kusemwa na mtu anayejua. Mle chumbani hakukuwa na anayejua.

Fundi aliyekuwa karibu ni Abubakar, mtengenezaji wa redio na televisheni, mwenye kibanda nyuma ya msikiti. Mbaka aliporudi kutoka Nairobi na pikapu tupu mchana, aliibeba kompyuta hadi huko, Wamuyu akiwa ameipakata kwenye blanketi. Kitambaa alikiacha nyumbani kisije kikachafuka kwa vumbi.

Abubakar alikuwa mtu wa uhakika. Alisikia maelezo nusu akashika bisibisi. "Hiyo ni shida ya kioo, mama. Nimeziona nyingi." Akafungua mgongo wa kioo, akapuliza, akagongagonga, akafunga, akawasha. Alimwomba Wamuyu amwonyeshe gemu linavyoanza, na Wamuyu akabonyeza pale alipomwona mumewe akibonyeza. Abubakar akaendesha. Akapita Nithi, akapita Chuka, akapita Runyenjes bila kujua kwamba ni Runyenjes. Wamuyu alibana kanga yake. Mnara wa taa ukaja, kona ikaja, gari likashuka kona, likapanda upande wa pili, na barabara ilikuwa nzima kama lami ya siku ya kwanza.

"Si unaona," alisema Abubakar. Akaendelea kuendesha mpaka chai yake ikapoa, kisha akaendelea kidogo tena, kwa raha zake.

Wamuyu alirudi nyumbani moyo mweupe. Akaiweka mashine mezani, akaisogeza kwenye ukuta isije ikaanguka, akaifunika, akakunja mbele. Mbae akaketi wima. Nithi. Chuka. Runyenjes. Na pale mnara ulipochomoza, kioo kizima kikararuka.

Akairudisha kwa Abubakar. Kwake ikawa nzima. Safari hii Abubakar hakuwa na uhakika tena, na kukosa uhakika kulimkera waziwazi. "Mimi siwezi kutibu mtu asiyeumwa," alisema. "Hapa haina kitu. Kama kwenu inasumbua, basi tatizo liko kwenu."

Maneno hayo Wamuyu hakupaswa kuyarudia kwa mtu. Aliyarudia kwa Cicily, jirani yake, kiongozi wa akina mama kanisani, ambaye ana roho nzuri na mdomo usiofungika. Walikuwa sebuleni wakichambua mboga.

"Kitu kinafanya kazi kwa fundi na kikifika hapa kinakataa?" Cicily alisema. "Hii nyumba ina neno, dada yangu. Nyinyi mlitoka na damu barabarani mkaingia nayo hapa bila kuombewa."

Ukuta wa mbao hauzuii kitu. Kutoka chumbani Mbae alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Si nyumba, Cicily. Ni mimi. Ni Kithaka hataki nipite."

Wamuyu alikasirika. Alikasirika kwa sababu aliogopa. Aliinuka na mboga zote zikamwagika, akasimama mlangoni mwa chumba. "Kithaka alikuwa rafiki yako. Alikuwa akila kwenye meza hii. Leo ndiyo aje ajibanze ndani ya sanduku la plastiki akutege kwenye kona? Nyamaza na hayo."

"Kwa Abubakar inapita," alisema Mbae. "Kwangu haipiti. Wewe eleza."

Wamuyu aliinama akaanza kuokota zile mboga.

Basi Wamuyu akakubali Cicily alete akina mama waiombee nyumba. Siku ya kuja akina mama alifanya ambalo mke yeyote wa kwetu angefanya: asubuhi aliondoa vitambaa vyote nyumbani, vya makochi, vya redio, vya meza, cha kompyuta pia, akavifua, ili wageni wavikute vinang'aa. Lakini Maua ni Maua. Ukungu ulishuka kutoka vilima vya Nyambene, ukafuatwa na manyunyu, na wageni walipofika vitambaa vilikuwa kwenye ua vikichuruzika. Wamuyu aliona aibu mpaka akaomba radhi mlangoni. Waliombea nyumba ikiwa uchi, makochi yakionyesha viraka vyake, na kompyuta imekaa wazi kama ilivyozaliwa.

Walipoondoka, Mbae aliiwasha. Wamuyu alijipa kazi ya kukunja nguo pale chumbani ili asiachwe nje.

Nithi ikapita. Chuka ikapita. Vibanda vya Runyenjes vikapita, vioo vyake vikimeta. Mbae alipunguza mwendo, kama alivyopaswa kupunguza ile alfajiri. Mnara wa taa ukaja. Kona ikafunguka mbele yake. Wamuyu alishika shuka moja asiikunje. Gari likaingia kwenye kona, likakaa upande wake wa barabara, likatoka.

"Kithaka," alisema Mbae. "Kithaka, amka. Embu hiyo."

Akaendelea. Aliendesha mpaka mwisho wa barabara, mahali ambapo hakuwahi kufika, akasimamisha gari akaliacha linanguruma. Alilia, na hakujificha. Kisha akaomba chakula, akala, akaomba tena. Wamuyu alilia jikoni juu ya sufuria, machozi ya mtu aliyetua mzigo.

Kesho yake unyevunyevu ulikuwa bado, vitambaa havijakauka, na Mbae akapita tena. Akaanza kuzungumza juu ya mambo. Alitaka Purity, binti yao, aandikiwe shuleni kwamba baba yake anamsalimu. Alitaka Mbaka ampeleke kwa mjane wa Kithaka, kwa sababu sasa, alisema, anaweza kumtazama usoni. Ni jambo ambalo Wamuyu alikuwa ameliombea tangu siku ya mazishi.

Mtu akitendewa mema hukaa kimya? Wamuyu alichukua sufu nzuri kuliko zote alizokuwa nazo, akaukunja uzi mara mbili, akafuma kitambaa kipya cha kompyuta, kizito, kinene, chenye msalaba katikati. Alikifuma akiimba. Jua lilipotoka na kile cha zamani kikakauka, hakuona sababu ya kukitupa, akakitandika chini na kipya akakiweka juu. Vikashuka nyuma vyote viwili hadi mezani. Alirudi nyuma hatua akaitazama, akaona imependeza.

Asubuhi ile Mbae alikuwa na furaha, na furaha ilimponza. Mashimo yalikuja mapema, kabla hata ya Chuka. Siku nyingine angezima. Siku hiyo aliamini kwamba ni majaribu tu, akasema, "Leo sisimami," akaendelea. Miiba ilijaa kioo kizima, akaendesha katikati ya miiba kwa kukumbuka njia. Rangi zikageuka, bahari ikawa nyekundu, milima ikawa vipande, na yeye bado anaendesha, anamwita Kithaka, anamsihi. Wamuyu alipoingia alisikia harufu ya plastiki inayoungua. Kabla hajafungua kinywa, kioo kikawa cheusi.

Walijaribu kuiwasha siku hiyo na siku iliyofuata. Feni ilivuma, taa ndogo ya mbele iliwaka, lakini kioo kilibaki kama shimo la choo. Mbae hakulaumu mtu. Aliomba alazwe chini vizuri, aondolewe mto.

Wamuyu alikwenda kwa Abubakar mbiombio, akamwambia safari hii mashine haitoki nyumbani, fundi ndiye atakuja. Abubakar alikuja na mfuko wake wa vifaa. Alisalimu, akavua viatu, akaingia chumbani, na alipoiona kompyuta alisimama tu akiangalia. Kisha akavishika vile vitambaa kwa mikono miwili, akavinyanyua kama anayefunua sufuria.

"Huwa inakaa hivi?" aliuliza. "Hata ikiwa inafanya kazi?"

"Mbele nakunja," alisema Wamuyu.

"Na nyuma?"

Abubakar alifungua sanduku, akaingiza mkono, akatoa kadi moja ndefu. Hata macho ya Wamuyu yaliona: kifeni chake kidogo kilikuwa kimejipinda, na kando yake palikuwa na weusi uliosambaa. Nyuzi za sufu nyeupe zilikuwa zimenaswa kwenye vitundu vya nyuma ya sanduku.

"Mama, hii mashine inapumulia nyuma," Abubakar alisema. Hakuwa mkali, alikuwa amehuzunika, na ilikuwa vibaya zaidi. "Ukiziba, joto linabaki ndani, na kadi ya picha ndiyo ya kwanza kuchanganyikiwa. Ndiyo hiyo miiba. Kwangu ilikuwa haijafunikwa, ndiyo maana sikuona kitu. Nilipaswa kuuliza jinsi mnavyoiweka. Sikuuliza."

"Inatengenezeka?"

"Hapana. Imeungua. Na kadi ya aina hii sijawahi kuiona Maua, wala Meru. Hata huko Nairobi sijui kama utaipata."

Ndani ya huo msiba kulikuwa na kitu kimoja ambacho Wamuyu alikiona haraka, akakishika kwa mikono miwili. Haikuwa Mbae. Haikuwa Kithaka. Ilikuwa ni joto na uzi wa sufu, na hayo yanaelezeka.

"Mwambie yeye," alimwambia Abubakar. "Tafadhali, fundi. Mwambie kama ulivyoniambia."

Abubakar aliketi kwenye ile stuli kando ya kitanda, akamweleza Mbae kila kitu, polepole, kwa heshima. Mbae alimsikiliza hadi mwisho.

"Asante, fundi," alisema. "Mungu akubariki kwa kuja kwako."

Abubakar alivaa viatu vyake akaondoka. Njiani mtu alipita akipigia mbuzi mluzi.

"Mama Purity," alisema Mbae. "Hawa mafundi unawatoa wapi?"

Kwanza Wamuyu hakumwelewa. Kisha akamwelewa.

"Baba Purity, huyu amesema kweli."

"Hata yule mwingine alikaa hapo hapo kwenye stuli."

"Yule nilimtuma. Ile ya breki nilikudanganya, nakiri, nilikudanganya kwa sababu ulikuwa unakufa mbele ya macho yangu. Lakini hii ni kweli. Ni kitambaa changu. Siku uliyopita Embu vitambaa vilikuwa vimelowa kwenye ua, kumbuka. Ni mimi niliyeiziba, si wewe, si Kithaka. Ni mimi niliyeiua."

"Nilijua tu kwamba utasema hivyo," alisema Mbae, na alisema kwa upendo, bila hata chembe ya hasira. "Ukikosa mtu wa kubeba makosa yangu, unayabeba mwenyewe."

"Shika uone, basi. Shika nyuma, inawaka moto."

Aliuvuta mkono wa mumewe, akaupeleka nyuma ya lile sanduku, akaukandamiza hapo. Kilikuwa chuma baridi. Mashine ilikuwa imekufa tangu juzi. Mbae aliuacha mkono wake hapo kidogo, kwa kumridhisha, kisha akaurudisha kifuani.

"Nilipita mara mbili," alisema. "Alinihurumia mara mbili. Inatosha."

Wamuyu alizungumza. Alizungumza mpaka sauti ikakauka, akaeleza feni, akaeleza vitundu, akaleta zile nyuzi zilizonaswa akamwekea kiganjani, na kadiri alivyozidi kueleza ndivyo uso wa mumewe ulivyozidi kumwonea huruma. Mwishowe alikaa chini sakafuni.

"Nisaidie kugeuka," Mbae alisema.

Alimgeuza, bega kwanza, kisha kiuno, kisha ile miguu mizito. Uso wake ukakutana na ukuta.

"Na hiyo mashine uifunike. Inanitazama."

Wamuyu alivichukua vitambaa kutoka pale Abubakar alipoviweka. Alikung'uta kile cha maua, akakitandika. Akakung'uta kile cha msalaba, akakiweka juu yake, akakivuta nyuma kikateremka hadi mezani, akakinyoosha pembe zote kwa kiganja. Kisha akaenda jikoni kupasha uji ambao alijua hautanywewa.